Chokoleti Aliyoonja Mwanaisha

Jamani, nimefika, nimepumzika, na sasa hata kisingizio cha uchovu kimeniishia. Tangu nirudi Bungoma mmekuja mmoja mmoja, mkanywa chai yangu, mkaniuliza Doha kukoje, na mimi nikawaonyesha picha za majengo. Mercy peke yake ndiye aliyenitazama vizuri akasema, "Rhoda, umerudi umekonda, na mlango ukigongwa unaruka. Kuna kitu." Kipo. Nawaandikia nyote kwa pamoja kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nitalia, na nikilia nitaruka sehemu zinazoniaibisha. Mambo ya viza na tikiti sitayagusa, hayo kila mtu anajua yanavyochosha.

Halafu naomba jambo moja kabla hamjaendelea. Haya yasimfikie Nekesa. Mkishasoma mtaelewa kwa nini.

Malaba

Mnamkumbuka Nekesa, mdogo wangu, aliyeondoka kwenda Uarabuni akasema ni miaka miwili tu. Huu ulikuwa wa sita. Yuko katika jiko la chokoleti huko Doha, sehemu inayoitwa Abu Hamour, na mwaka huu bosi wake alikuwa amempa nafasi ambayo hakuwahi kuota. Kila mwaka mji ule unafanya maonyesho ya chokoleti, watu wanafurika siku tatu nzima kuonja na kununua, na kila jiko linaleta ladha mpya. Safari hii ladha mpya ya jiko lao ilikuwa ya Nekesa. Aliitaka iwe na harufu ya kwetu. Ikipendwa, angepewa meza yake mwenyewe pamoja na mkataba mpya. Isipopendwa, mkataba wa zamani ulikuwa unakwisha mwezi uo huo, na hakuna aliyemwahidi kitu.

"Dada, njoo unione siku hiyo," aliniambia kwa simu. "Na uniletee vanila ya Nalongo. Ile ya chupa. Hakuna vanila kama ile."

Basi nikaenda Malaba, nikavuka hadi upande wa Uganda kwa Nalongo. Nyote mnamjua, maana nyote mnanunua kwake. Alinifungia chupa kubwa kwa mifuko mitatu na utepe wa gundi, akanikumbatia kwa nguvu. "Loda, wewe unapeleka vanila yangu kwa Waarabu! Mungu mkubwa!" Sikumwuliza anaitengenezaje. Miaka saba namimina vanila ile kwenye keki, sijawahi kuuliza.

Nairobi

Ndege ilichelewa saa tano. Walituambia saa moja, halafu saa moja nyingine, halafu wakaacha kutuambia. Mnajua mimi woga nimezaliwa nao. Mbwa wa jirani akibweka mara mbili nafunga dirisha. Sasa nikae saa tano nikitazama ndege zinavyopanda na moto nyuma, jamani, nilikwenda chooni mara tisa. Nilikula mayai mawili ya kuchemsha niliyobeba, nikala na la tatu nililokuwa nimemwekea Nekesa.

Tulipopanda nilikaa karibu na kijana mmoja wa Kiambu, Njoroge, dereva wa familia fulani kule, alikuwa anarudi kutoka likizo. Alinionea huruma nilivyoshika kiti. Lakini huruma yake ilikuwa ya kunimaliza kabisa.

"Mathe, umebeba nini kwa begi?"

Nikamtajia: unga wa wimbi, omena, majani ya kunde yaliyokaushwa, dawa ya kikohozi, vanila.

"Dawa? Ya kikohozi?" Akapiga mluzi. "Mathe, hapo usicheze. Kuna dawa za kikohozi ziko na vitu ndani. Kuna msee alishikwa na vidonge tu. Nyama ya nguruwe, achana nayo. Pombe, hata tone."

"Mimi nimeokoka," nikamwambia kwa ukali.

"Basi uko sawa."

Dawa ilikuwa kwenye mkoba wa mkononi. Nilikwenda chooni nikaimwaga yote, chupa nikaifunga kwa karatasi nikaitupa, nikarudi kiti changu nikikohoa mpaka Njoroge akaomba abadilishiwe nafasi. Nilijiona nimeokoa maisha yangu. Ile vanila ilikuwa chini kwenye mzigo, imefungwa mara tatu, wala sikuifikiria hata kidogo.

Uwanja wa Doha

Mahali penyewe panang'aa mpaka unaona aibu kukanyaga. Nilifuata watu. Mzigo wangu ukapita kwenye mashine, na ofisa mmoja, kijana mwenye ndevu zilizonyooshwa vizuri sana, akaninyooshea kidole. Wewe. Njoo.

Nikaenda. Alifungua begi, akatoa omena, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Akaniuliza kwa Kiingereza ni nini. Nikasema samaki. Akauliza kama wote hawa ni samaki. Nikasema ndiyo, wengi. Akacheka. Halafu akatoa chupa ya Nalongo, akaukata utepe, akafungua kifuniko, akanusa. Nakumbuka alifumba macho kidogo.

"Vanila?"

"Vanila. Ya chokoleti."

"Chokoleti!" Uso wote ukafunguka. Akaniambia mama yake anapenda chokoleti kuliko watoto wake, akafunga chupa, akanipangia vitu vyangu vizuri kuliko nilivyovipanga mimi. Nilitoka pale nikimshukuru Mungu kwa sauti, na hata kumshukuru kwenyewe leo kunaniogopesha.

Nje joto lilinipiga usoni kama nimefungua tanuri. Nekesa alikuja mbio, akaniangukia shingoni, tukalia. Nyuma yake alisimama mwanamke mrefu mwenye baibui, ametabasamu, ananisubiri nimalize kulia.

"Huyu ni Mwanaisha," Nekesa akasema. "Wa Likoni. Ndiye ndugu yangu hapa."

"Karibu, dada Rhoda," Mwanaisha akasema, akanipokea begi zito kabla sijakataa. "Nekesa amekutaja mpaka nimekujua. Hata ule mkao wako nimeutambua."

Al Thumama

Wanakaa nyumba moja Al Thumama, wanawake sita wa jiko lile, karibu na uwanja kiasi kwamba ndege zikipita unasikia sahani zinatetemeka kabatini. Chumba cha Nekesa kina vitanda viwili, chake na cha Mwanaisha. Nilipoingia nilikuta kitanda cha Mwanaisha kimetandikwa shuka jipya, na godoro limewekwa chini.

"Mimi nitalala chini," nikasema.

"Mgeni alale chini nami nipo? Thubutu." Akanisukuma nikakaa kitandani.

Alikuwa ametupikia wali wa nazi na kuku wa kupaka. Nilikula mpaka nikaona haya. Kila asubuhi aliamka kuswali, na alikuwa akitembea kwa vidole na kufunga mlango polepole ili asiniamshe. Mimi nilikuwa macho, namsikia. Nilikuwa nikilala pale najiambia, huyu mtu hanijui, mbona ananifanyia hivi. Miaka minane amefanya kazi kwenye nyumba za watu kabla ya kuja jikoni, Kiarabu kinamtoka kama maji, na pale jikoni bila yeye hakuna anayeelewana na mwenzake.

Ningeomba mlishike hilo la kitanda. Mimi silisahau.

Abu Hamour

Siku ya tatu, siku moja kabla ya maonyesho, walinipeleka jikoni. Nilidhani nitakuta joto kama jikoni kwetu. Kumbe ni baridi, unavaa sweta, maana chokoleti ikipata joto inaharibika. Katikati kuna meza ya marumaru, na mbele ya marumaru kuna Nabil, fundi wao, Msiria wa mji wa Halab. Anaimwaga chokoleti ya moto juu ya jiwe, anaisukuma kwa kisu kipana, anaikusanya, anaisukuma tena, na muda wote anaigombeza. Nekesa aliniambia anaigombeza chokoleti ili asiwagombeze wao. Neno lake kubwa ni al-yoom. Al-yoom, al-yoom, leo, leo! Kila kitu leo. Baada ya saa moja hata mimi nilikuwa nalijua.

Mwanaisha alinieleza habari za kazi yenyewe huku akikunja karatasi za dhahabu. Wenye mji wale hawapelekeani boksi la chokoleti. Mtoto akizaliwa, mtu akioa, Idi ikifika, inapelekwa trei, ya fedha au ya kioo, chokoleti zimepangwa safu kwa safu mpaka ziwe kama bustani. Mwenye jiko, Umm Khalid, alianza nyumbani kwake miaka ya elfu mbili na kitu, anawapangia majirani trei za uzazi kwa mikono yake, mpaka nyumba ikamshinda ikabidi akodi mahali. Ndani ya chokoleti wanaweka tende, iliki, zafarani, ufuta, hata kahawa ile yao ya Kiarabu. Ule mchanganyiko laini wa ndani una jina la Kifaransa. Nekesa na Mwanaisha wanauita uji.

Na kuna desturi moja ya jiko lile ambayo lazima niwaeleze. Uji mpya hautoki jikoni kabla Mwanaisha hajaonja. Zamani, muuzaji mmoja aliwaletea kitu kilichokuwa na mafuta ya nguruwe, na tangu hapo Umm Khalid akaamua. Aliyepika anasimama na sahani mbele ya Mwanaisha. Mwanaisha anauliza, "Kuna nini ndani?" Mpishi anataja kila kitu kwa kinywa chake mwenyewe. Mwanaisha anasema bismillahi, anakula, halafu anaandika jina lake kwenye ubao ulio mlangoni. Umm Khalid akiona jina lile haulizi tena.

Asubuhi ile Nekesa alikuwa amepika uji wake. Maziwa, siagi, iliki, na ulipopoa akamimina vanila ya Nalongo, vijiko kadhaa vikubwa. Jiko zima likanukia kama Jumamosi nyumbani kwangu. Nabil mwenyewe aliacha kugombeza. Nekesa alikuwa anatembea kama anacheza. Kufikia saa saba walikuwa wamejaza chokoleti mia sita.

Saa nane, watu wakila, nikatoka nje kivulini nikamtumia Nalongo ujumbe wa sauti nimshukuru. Nikamwambia vanila yake imefika salama, imeingia kwenye chokoleti za Waarabu, kesho mji mzima utakula. Akajibu papo hapo, anacheka mpaka anakohoa.

"Wewe Loda! Waragi yangu imepanda ndege!"

Nikamwuliza waragi gani, ile pombe kali ya kwao?

"Hiyo vanila si naiweka kwa waragi? Miezi mitatu inakaa kwa chupa. Bila waragi vanila haitoi harufu. Kwani wewe hukujua?"

Sikujua. Miaka saba, na nyinyi pia hamkujua, na keki zote zile za harusi, na ile ya Mavuno aliyoikata pasta kwa mkono wake, sitaki hata kuifikiria. Kwenye keki angalau kuna tanuri, moto unaichoma. Uji wa chokoleti haurudi motoni. Ulikuwa mle ndani vile vile.

Nilikaa chini kwenye zege la moto. Nilimwona yule Njoroge. Pombe, hata tone. Nilimwona yule ofisa mwenye ndevu. Nilijiona gerezani, na Nekesa yuko chumba kinachofuata.

Nilirudi ndani nikamkuta Nekesa na Mwanaisha wamekaa pamoja, wanagawana mkate. Sikuweza kusema Kiswahili. Niliingia Kibukusu, haraka haraka, nikamwambia mdogo wangu kila kitu. Akauweka mkate chini.

"Mnanisengenya mimi?" Mwanaisha akatania. "Semeni kwa lugha ya watu basi."

"Mambo ya shamba la nyumbani," Nekesa akamjibu, akacheka. Halafu akaniambia kwa Kibukusu, bado anacheka, "Nyamaza. Ukisema neno nitapandishwa ndege wiki hii. Na kama ni ndege tu, nishukuru."

"Lakini ni pombe, Nekesa. Hawa hawali pombe."

"Ni vijiko tu, dada, kwa sufuria nzima. Nani atajua?"

Saa kumi Nabil alipiga makofi. Nekesa akachukua sahani, akaweka chokoleti tano, akaenda kusimama mbele ya Mwanaisha. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nimevaa kile kifuniko cha nywele walichonipa.

"Kuna nini ndani?"

"Maziwa," Nekesa akasema. "Siagi. Iliki. Vanila ya Uganda."

Hakusema uongo hata neno moja. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, na ndiyo iliyonitisha kuliko yote. Mwanaisha akasema bismillahi. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nikaona Nekesa ananiangalia, nikakohoa.

Mwanaisha akala ya kwanza, akafumba macho. "Yarabi," akasema. "Inanukia nyumbani." Akala ya pili, ambayo hakulazimika kuila. Halafu akaenda mlangoni akaandika jina lake kwenye ubao, kwa herufi za Kiarabu, akaniita nije nitazame jinsi linavyoandikwa. Nikaenda. Nikatazama. Nikamwambia linapendeza.

The Pearl

Usingizi haukuja, hilo halihitaji maelezo. Alfajiri nilimsikia Mwanaisha anaamka kwa vidole, nikavuta shuka kichwani.

Maonyesho yalikuwa The Pearl, kile kisiwa walichokitengeneza wenyewe baharini, magorofa na mashua za matajiri zimefungwa mbele ya mikahawa. Siku nyingine ningekaa pale mwezi mzima nikishangaa. Kulikuwa na kipanga mkubwa wa chokoleti mwenye kila unyoya wake. Kulikuwa na birika la kahawa la chokoleti kubwa kuliko mtoto, na watoto wenyewe wamepakaa mpaka masikioni. Wanaume wa kanzu nyeupe, wanawake wa mabaibui meusi, Wafilipino, Wahindi, Wakenya wenzetu waliovaa sare za ulinzi na kuonja kwa siri. Kila mtu alikuwa na furaha, na mimi kila nilipoona sare nilijificha nyuma ya nguzo.

Meza yetu ilikuwa karibu na maji. Trei mbili kubwa za Nekesa ziliwekwa katikati. Zilikuwa nzuri jamani, sijui niwaambieje. Nekesa alikuwa amejipaka wanja, hakuwa ameniangalia usoni tangu asubuhi.

Umm Khalid alikuja baada ya swala ya alasiri, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu. Kwenye kiti kulikuwa na mama yake, bibi kizee amevaa ile barakoa ya zamani inayofunika nyusi na pua. Mwanaisha alinisogelea akaninong'oneza, ana furaha yake yote, "Kila mwaka chokoleti ya kwanza ni ya bibi. Yeye ndiye aliyemfundisha Umm Khalid kupanga trei. Mwaka jana alikuwa mgonjwa hakuja. Leo kaja kwa ajili ya ladha ya Nekesa, angalia bahati ya mdogo wako!"

Umm Khalid aliinamisha trei. Mkono wa bibi ulitoka kwenye baibui, mwembamba, una hina kwenye vidole, ukachagua. Ulichukua muda mrefu kuchagua. Nilikuwa naomba utetemeke, uangushe, chochote. Akachukua ya ukingoni, akaanza kubandua karatasi ya dhahabu.

"Hapana!"

Nilipiga kelele hiyo kwa Kiswahili, katikati ya watu wote wale. Kila mtu aligeuka. Bibi alisimamisha mkono. Nekesa alishika meza.

"Dada Rhoda, kuna nini?" Mwanaisha akaniuliza.

Nikamshika mkono nikamvuta nyuma ya pazia la kibanda, palipokuwa na maboksi matupu. Nikamwambia. Vanila, Nalongo, waragi. Kiswahili chenyewe kilinitoka vipande vipande. Alinisikiliza ameweka mkono mdomoni, na nilipomaliza aliuacha pale pale.

"Ulijua lini?"

Kudanganya kungekuwa rahisi. Ningesema leo, sasa hivi, nimepata ujumbe sasa hivi. Jibu hilo nilikuwa nimeshaliandaa.

"Jana," nikasema. "Saa nane."

"Mimi nilionja saa kumi."

"Ndiyo."

"Na Nekesa?"

Nikainamisha kichwa. Akageuka, akachukua chupa ya maji kwenye boksi, akasukutua, akatema, akasukutua tena. Alifanya hivyo mpaka chupa ikaisha. Kisha akajipangusa kwa mtandio, akatoka.

Mimi nikamfuata kwa sababu kubaki nyuma ya pazia kulinitisha zaidi. Alikwenda kwa bibi kwanza, akaipokea ile chokoleti mkononi mwake taratibu, akambusu kichwani. Halafu akaanza kuzungumza na Umm Khalid na Nabil kwa Kiarabu. Alizungumza sana. Sijawahi kuogopa maisha yangu kama pale, nimesimama mbele ya mtu niliyemkosea, anayesema habari zangu kwa lugha nisiyoijua, na maisha ya mdogo wangu yako kwenye ulimi wake. Nabil alichukua moja, akaivunja, akanusa. Akafumba macho kama yule ofisa. Bila kumgombeza mtu akabeba trei zote mbili akaondoka nazo.

Umm Khalid aliniangalia mimi, akamwangalia Nekesa, akauliza swali fupi. Nilijua ni lile lile, tumejua lini, maana Mwanaisha hakujibu hapo hapo. Alinitupia jicho. Nekesa alikuwa ameganda kama ile sanamu ya kipanga.

"Al-yoom," Mwanaisha akasema.

Leo. Neno hilo nililijua.

Umm Khalid alivuta pumzi ndefu. Aliongea kidogo, Mwanaisha akatutafsiria, macho yake yako mezani. Aliyekula bila kujua hana kosa. Asiyejua akasema mara tu alipojua, amefanya uungwana. Ladha ya Nekesa haitauzwa mwaka huu. Mwakani aipike tena kwa maganda makavu ya vanila, siyo ya chupa, na meza yake itamsubiri. Halafu yule bibi akaomba ya tende.

Nekesa alinikumbatia nyuma ya maboksi, analia na kucheka. "Ulimwambia Mwanaisha tumejua leo? Dada, wewe ni mtu!"

Nikamwambia ndiyo. Nilimwambia ndiyo.

Kurudi

Siku mbili zilizobaki Mwanaisha alinifanyia kila kitu alichokuwa akinifanyia. Alipika. Alilala chini, nilipokataa kitanda alikitandika tena. Siku ya kuondoka Nekesa alikuwa kazini, Mwanaisha ndiye aliyenisindikiza uwanjani, amenifungia mahamri kwa ajili ya safari. Karibu na mlango nikasimama nikamwambia nataka kuomba msamaha, kwamba sijui nianzie wapi.

"Usianze," akasema. Sauti ilikuwa ya kawaida tu. "Dada Rhoda, yale niliyokula sikuyajua. Hayo Mungu ameshanisamehe. Lakini lile neno nililomwambia Umm Khalid, nililisema nikijua. Hilo ni langu, nitakwenda nalo. Nyinyi ndio mlionipa."

Nikashindwa hata kulia.

"Na Nekesa asijue kwamba najua," akaongeza. "Nalala naye chumba kimoja. Nafanya naye kazi. Akijua hatutaweza."

Akaninyooshea mahamri. Nikapokea.

Ndege haikuchelewa hata dakika moja. Kutoka Nairobi hadi hapa hakuna la kusimulia.

Juzi nimempigia Nekesa. Anaendelea vizuri, mkataba wameuandika upya, anafanya majaribio na maganda makavu. Nikamwuliza kama Mwanaisha bado ndiye anayeonja.

"Ndiye, nani mwingine?" akasema. "Ila siku hizi ana kitabia fulani. Nikishamtajia vilivyomo, anashika sahani, ananiangalia usoni. Anakaa hivyo, ananiangalia tu, mpaka nasikia baridi. Halafu anasema bismillahi, anakula. Hafanyi hivyo kwa mwingine. Dada, unadhani ni nini?"

Nikamwambia sijui.